Uwazi wa Vidole Viwili

Nitamwita Dereva. Jina lake nalijua vizuri, hata lile la ubatizo, lakini silitaji kwa sababu nilimkosea, na mtu uliyemkosea huna haki ya kulitembeza jina lake mbele za watu. Yeye aliniita Karani. Tulikaa kabini moja miaka sita, tukiteremka kutoka Sumbawanga kwenda bondeni kununua mahindi, mpunga na ufuta, kisha tukipanda mlima tukiwa tumejaa hadi juu. Alikuwa mgonjwa wa kisukari. Alijidunga sindano asubuhi na jioni, na dawa yenyewe ikipata joto inakufa. Kwetu juu hilo si tatizo, kwetu hata maji ya kunawa yanauma vidole. Tatizo lilikuwa bondeni, ambako lori likisimama juani saa moja tu usukani haushikiki. Kwa hiyo maisha ya mtu yule yalitegemea jambo ambalo madereva wenzake walilicheka: kabini yake isipate joto inapoegeshwa. Alilifanya kila siku bila kukosea. Siku moja aliniachia mimi, nikakosea, na kosa lenyewe si baya kama nilichofanya baadaye.

Nilikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika. Enzi za ruksa zilipoingia, wafanyabiashara wakaanza kununua mazao wenyewe kwa wakulima, na ghala letu likafungwa kufuli. Panya walibaki bila kazi kama sisi. Lori la chama lilipigwa mnada, tajiri mmoja wa mjini akalichukua, na Dereva akaenda nalo kama tairi la akiba. Mimi nilikwenda kwa tajiri huyohuyo kuomba kazi nikiwa na mizani yangu begani, maana niliinunua kwenye mnada uleule kwa senti zangu za mwisho. Akaniambia, "Panda gari, nenda na huyo mzee. Ana maneno mengi juu ya jua, mvumilie tu."

Na kweli alikuwa nayo. Watu wengine huamka wakiuliza habari za nyumbani, Dereva aliamka akiuliza jua litatokea wapi. Asubuhi aliegesha pua ya lori ikitazama magharibi, ili bodi la nyuma lipokee jua na kukitilia kichwa kivuli. Saa sita ikigonga aliliwasha, akaligeuza, pua ikatazama mashariki. Alifanya hivyo hata katikati ya kupakia, makuli wakiwa na magunia mabegani. Walimtukana, naye aliwajibu bila hasira, "Kivuli kinatembea, wanangu. Ukikingoja usimame nacho utazeeka unaungua."

Kioo cha mbele alikifunika kwa blanketi la kijivu, na alilifunga kwa nje, kwenye fito za vioo vya pembeni. Nilimuuliza kwa nini halitundiki kwa ndani kama wenzake, lisipate vumbi. "Karani," akasema, "ukimkuta mwizi sebuleni ndiyo unafunga mlango? Jua likishapita kioo limeshaingia." Dirisha alishusha kila upande uwazi wa vidole viwili. Alipima kwa vidole vyenyewe, cha shahada na cha kati, akivipitisha juu ya kioo huku na huku. Kabla ya kuingia alifungua milango yote miwili, akaupigapiga mmoja mara sita saba kama mtu anayepepeta ulezi, joto likatoka upande wa pili. Hapo ndipo alipanda.

Lakini kilichomletea sifa hadi Ilemba na Milepa kule bondeni ni paa. Mtu yule aliezeka lori. Sisemi kwa utani. Alikuwa na fremu nyepesi ya mianzi, akaipachika juu ya kabini, akatandika nyasi unene wa kiganja, na juu ya nyasi magunia ya katani yaliyoloweshwa maji. Alisema bati lisiguswe na gunia, kati yao upepo upite. Tukianza safari alilishusha paa lake akalifunga juu ya shehena. Siku moja alisahau, tukaingia mjini nalo, trafiki akatusimamisha akazunguka lori lote mara mbili. Akauliza, "Mzee, hili ni gari au ni nyumba? Na kama ni nyumba, mama yuko wapi?" Dereva akamjibu, "Mama yuko nyumbani kwenye baridi. Mwenye akili kati yetu ni yeye." Trafiki alicheka mpaka akasahau kuuliza leseni.

Walioliona paa hawakujua lilichofunika. Kwenye sakafu ya upande wangu palikuwa na chungu kipana chenye mchanga uliolowa, na ndani ya mchanga chungu kidogo chenye kifuniko cha kitambaa chepesi. Humo ndimo kilimokaa kichupa cha dawa. Nilisafiri miaka sita nimepanua miguu kukizunguka chungu kile. Kazi yake niliigundua safari ya tatu, nilipozunguka nyuma ya lori nikamkuta ameinua shati, sindano tumboni. Nilidhani ni madawa ya kulevya. Nilitaka kurudi nyuma, akasema bila kugeuka, "Umeshaona, Karani. Njoo uambiwe vizuri, usije ukaenda kusimulia vibaya."

Akanieleza. Tajiri alishamfukuza dereva mmoja mwenye kifafa, na alisema wazi mbele ya wote kuwa mgonjwa hagusi gari lake. Dereva alikuwa na watoto watano shuleni na shamba la ulezi lisilotosha. "Nikikaa nyumbani kwenye baridi, dawa inapona, watoto wanakufa njaa. Nikishuka bondeni watoto wanakula, dawa inakufa. Ndiyo maana unaona napigana na jua." Nikamuuliza kwa nini chungu kisikae kwenye nyumba ya mwenyeji, kuna baridi kidogo. Akasema nyumbani kwa watu kuna watu. Chungu chenye mchanga na kichupa, katika mkoa wetu huu, kitaitwa jina jingine kabla ya jua kuzama. Nilimwelewa. Nikaapa kunyamaza, na nilinyamaza vizuri kuliko inavyotakiwa.

Dawa yenyewe aliipata kwa sista mmoja wa zahanati ya parokia, kichupa kwa kichupa, wakati dawa za bure zilipokuwa zimekwisha na kila kitu ni kuchangia. Sista alikuwa mkali. Kila alipompa alimwambia, "Baba, hii si soda. Ikipata joto usiniletee malalamiko." Dereva alikipokea kwa mikono miwili.

Watamsifu wengine kwa upole, mimi nilikaa naye, najua. Alikuwa na hasira za karibu. Aliwahi kumteremsha abiria aliyekwisha kulipa nauli kwa sababu tu ameusukuma mlango kwa goti. Alikuwa mbishi wa siasa na bahili wa chumvi. Alikatazwa sukari, na hakuna mtu niliyemwona akiipenda chai ya watu kama yeye. Aliomba kikombe changu, akakinusa macho yamefumba, akanirudishia. "Tamu?" aliniuliza. Nikisema tamu, alitikisa kichwa ameridhika kama aliyekunywa. Mfukoni alikuwa na pipi mbili kwa ajili ya kizunguzungu cha sukari ikishuka, na siku moja pale Ilemba alizitoa zote akampa mtoto wa kike aliyekuwa akilia na homa, kisha akamlaza kabini mchana kutwa, mama yake akiwa ameketi ngazini. Mtu ambaye hakuruhusu hata mimi nisinzie humo! Nilipomkumbusha sheria yake aliniambia nikapime ufuta.

Kati yake na wafugaji kulikuwa na vita ya kivuli. Wasukuma walishahamia bondeni na ng'ombe wao wengi, na mgunga mkubwa ulio karibu na uwanja wa kununulia Milepa ulikuwa na wenyewe kuanzia saa tano mchana: madume kumi na mawili ya mzee mmoja, yaliyolala hapo yakicheua. Safari ya kwanza Dereva alipiga honi. Dume moja likamtazama, likaendelea kucheua. Mzee Msukuma akaja taratibu na fimbo yake mabegani.

"Shikamoo baba," Dereva akamwamkia, ingawa walikaribiana umri.

"Marahaba. Unawapigia kelele wanangu?"

"Naomba kivuli kidogo, baba. Gari langu linaumwa na jua."

"Gari linaumwa?" Mzee akacheka. "Ng'ombe wangu akiumwa na jua anakufa, nyama inaoza. Gari lako likifa linaoza?"

Dereva akazima injini. Akashuka, akakaa chini naye, akamwambia ukweli wote pale pale, mtu asiyemjua. Baadaye alinieleza kwamba anayelinda uhai wa mnyama wake juani atamwelewa anayelinda wake. Tangu siku ile, vumbi letu likionekana kwa mbali, mzee yule aliwaswaga madume upande mmoja wa mti. Lori likalala na ng'ombe miaka mitano.

Sasa nilisimulie kosa langu.

Lazima kwanza niseme habari ya nyumba ya mama yangu, maana kosa langu lilizaliwa humo. Kwetu Ufipa nyumba ya tofali mbichi ina ukuta mnene na paa zito la nyasi. Miezi ya joto kabla ya mvua, mama aliamka alfajiri akafungua madirisha yote baridi iingie. Jua likipanda aliyafunga yote, na mlango pia, akatufukuza tukacheze nje. Ukirudi mchana unaingia ndani ni kama kisimani. Alisema baridi ni mgeni, ukimwachia mlango wazi anakwenda zake. Kwa hiyo miaka yote sita nilipomwona Dereva akiacha uwazi wa vidole viwili, kimoyomoyo nilisema pale mzee anakosea. Ameezeka vizuri, amelowesha vizuri, halafu anaacha mlango wa baridi wazi. Sikuwahi kumwambia. Ningemwambia angenieleza, na leo nisingekuwa naandika haya.

Ilikuwa mwezi wa kumi, Milepa, kabla ya mvua. Tuliingia uwanjani springi ya mbele ikakatika, lori likalala upande hatua thelathini kutoka kwenye mgunga. Likakaa hapo hapo, juani. Ilibidi springi ipelekwe Ilemba kuchomelewa. Dereva alijidunga alfajiri, akapachika paa lake, akatundika turubai upande wa magharibi, akapima vidole viwili dirisha la kushoto, vidole viwili la kulia. Akafunga chuma kwenye baiskeli ya kuazima. Kichupa hakuweza kukibeba, mfukoni kingeiva kabla hajafika njia panda.

"Karani," akasema, "magunia yakikauka mwagia. Mchanga ukikauka mwagia. Mengine nimeshafanya, wewe usiguse kitu."

"Nenda mzee, usiwe na wasiwasi."

"Wasiwasi ndio umenifikisha hapa," akasema, akaondoka.

Nilimwagia mara mbili. Karibu saa tano kikapita kimbunga cha vumbi, kile kinachotembea wima uwanjani kama mtu mlevi, kikapita juu ya lori na kumwaga mchanga ndani. Nikaingia kupangusa. Nilipokuwa naondoka nikaviangalia vile vidole viwili. Nikafikiri: vumbi litarudi, na humu ndani bado kuna baridi ya alfajiri. Nikavipandisha vioo vyote viwili hadi juu. Nakumbuka niliridhika. Nilijisikia kama mtoto aliyemfanyia baba yake kazi bila kutumwa.

Halafu wakaja watu wa ufuta, punda na baiskeli, foleni ndefu. Nikapima. Ushirika ulipokuwepo mkulima alingoja karani, sasa karani ukichelewa anakwenda kwa mnunuzi wa pili, na tajiri akisikia huna kazi. Nilipima hadi saa kumi bila kuinua kichwa. Nilipokumbuka nilikimbia. Magunia ya paa yalikuwa makavu, yanapiga kelele. Nilifungua mlango, joto likanipiga usoni hata nikarudi nyuma. Mchanga wa chungu ulikuwa mweupe, umekauka hadi chini. Nikatoa kichupa. Kilikuwa na moto kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku.

Chungu hupoa kwa kupitiwa na upepo. Kila mwanamke wa nchi hii anajua, ndiyo maana mtungi hauwekwi kabatini. Mimi nilikuwa nimeufungia upepo nje.

Nilifanya haraka kila kitu ambacho sikukifanya mchana. Nilipigapiga milango, nikamwaga ndoo nne, nikashusha vioo, nikapima vidole viwili kwa vidole vyangu. Dereva aliporudi jua linazama, kichupa kilikuwa baridi. Alikishika, akakiweka shavuni kama alivyozoea. "Safi," akasema. "Mungu akubariki, Karani. Nimehangaika njia nzima bure." Akavuta dawa yake, akajidunga.

Nilitaka kusema. Naapa mdomo ulifunguka. Lakini kichupa kingine kilikuwa Sumbawanga kwa sista, lori halina springi, na nikajiambia labda haijafa, labda imechoka tu. Kesho yake nikajiambia hivyohivyo. Aliifunga springi, lakini shehena ilikuwa haijatimia, na tajiri alishasema gari lisipande nusu. Siku ya pili alianza kunywa maji. Alikunywa debe. Kila saa alikwenda nyuma ya lori kukojoa, akirudi midomo imekauka tena. Aliongeza dozi. "Sukari imepanda, sijui nimekula nini," akasema. Siku ya tatu aliongeza tena, kutoka kichupa kilekile, na mimi nikiwa nimesimama pale namshikia kioo cha kujitazamia, aone sindano inapoingia. Hiyo ndiyo saa ninayoiota. Siyo ile ya kupandisha vioo. Ni ile ya kumshikia kioo na kunyamaza.

Siku ya nne tuliondoka na shehena isiyotimia. Tulipofika mguu wa mlima alisimamisha gari, akayasugua macho.

"Karani, sioni vizuri. Naona barabara mbili."

"Tusubiri gari lingine, mzee."

"Lini? Kesho kutwa? Niambie kona wewe. Nitashika usukani, wewe uwe macho."

Tukapanda hivyo. Upande wangu ulikuwa bonde lote, mpaka ziwa linameta kule chini. Nilipiga kelele kulia, kushoto, shimo, jiwe, lori linatoka, simama. Yeye alijibu kila neno "ndiyo, baba," kama mtoto, jasho hakuna, mwili umekauka kabisa. Kati ya kona na kona nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu: nilifunga vioo, mzee. Nilihesabu nafasi hizo zikipita. Nikaogopa kwamba akisikia ataliachia lori bondeni. Huo ulikuwa uongo wangu mwingine, nilijiogopa mwenyewe. Tulipofika juu kwenye baridi aliegesha kandokando, akashusha kioo uwazi wa vidole viwili kwa mazoea, akaanguka juu ya usukani.

Gari la mahindi lililokuwa nyuma yetu lilitufikisha hospitali. Wakamtundikia dripu. Jioni alifumbua macho, na tajiri alikuwa ameshafika, amesimama miguuni pa kitanda akichezea funguo. Siri yote ilikuwa mezani. Daktari akauliza jambo moja.

"Mzee, hii dawa yako ilipata joto?"

Dereva alijiinua kwa kiwiko. Hata katika hali ile lilimkera. "Daktari, niulize yote, usiniulize hilo. Dawa ile naitunza kuliko mwanangu. Na siku niliyoondoka alikuwepo Karani. Muulize Karani."

Wote wakanigeukia. Daktari na kalamu yake. Tajiri na funguo zake. Na yeye, macho mekundu, ananitazama kwa imani ambayo sijatazamwa nayo tena na mtu yeyote, hata mke wangu.

"Haikupata joto," nikasema.

Tajiri alimfukuza palepale, hakungoja hata atoke kitandani. Mficha maradhi kifo humuumbua, akamwambia, na wewe ulitaka kikuumbue ukiwa na gari langu. Mimi niliendelea na kazi. Dereva mpya alikuwa kijana wa salamu za mambo na poa, aliegesha popote, na kabini ikawa tanuri. Nilikaa humo miaka miwili nikiungua na sikulalamika hata mara moja. Mzee Msukuma aliuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia amestaafu. Akawaachia ng'ombe wake mti wote.

Habari zake nilizipata vipande vipande. Alirudi kijijini kwake upande wa Msanzi. Alikwenda kwa sista, akamwambia dawa yako imeshindwa. Sista akamjibu kuwa wagonjwa wengine wa kichupa cha aina ileile wako salama. Akafikiri, akaona kama dawa ni nzima na haikupata joto, basi ni mwili wake umeikataa. Kilichomponya hospitali, alisema, ni maji ya dripu. Akaacha sindano, akaanza mizizi. Alikuwa mtu wa hoja. Ukimpa uongo mmoja mwanzoni, anautembeza kwa mantiki safi hadi mwisho. Sokoni Sumbawanga ndipo niliposikia amekatwa mguu.

Nilikwenda. Ilikuwa tena mwezi wa kumi, miaka kumi na mmoja imepita, saa sita ya mchana. Nyumba ilikuwa imefungwa madirisha yote. Mkewe alinifungulia, akanivuta ndani haraka, akafunga mlango nyuma yangu. Ndani kulikuwa na baridi tamu, kama kwa mama.

"Shikamoo mzee."

"Sauti hiyo ni ya Karani." Alikuwa kwenye kiti karibu na ukuta, blanketi la kijivu mapajani, mguu mmoja chini yake. Macho yalikuwa na ukungu. "Marahaba. Karibu, baba. Mizani ipo?"

"Ipo. Imechoka."

"Kila kitu kimechoka. Mama, mpe mgeni chai, tia sukari ya kutosha." Mkewe akaenda jikoni, uani. Chai ilipokuja aliomba kikombe, akakinusa macho yamefumba. "Tamu?" akauliza.

Nikakipokea mkononi mwake. Nikakiweka kikombe chini.

"Mzee, siku ile Milepa, ulipokwenda Ilemba, nilifunga vioo."

Kuku aliparuza mlangoni.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili. Tangu saa tano mpaka saa kumi. Mchanga ulikauka. Kichupa nilikikuta kina moto, nikakipoza kabla hujarudi."

"Kwa nini ulifunga?"

"Nilidhani ni kama nyumba."

Alinyoosha mkono akaugusa ukuta uliokuwa pembeni yake, akaupapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Nyumba ina ukuta, Karani," akasema. "Lori ni bati." Alilisema bila hasira, kwa sauti ileile ya kunifundisha. Kisha mkono ukasimama ukutani. Nilimwona akirudi nyuma, kutoka kwenye kiti kile hadi mizizi, hadi kwa sista, hadi kitandani hospitali, akigeuza kila kitu alichokuwa amekipanga.

"Sasa, dawa ya sista ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, mzee."

"Na mwili wangu haukuikataa."

"Haukuikataa."

"Mama!" akaita. "Njoo usikie anachosema Karani."

Mkewe akaingia na bakuli la mizizi ya saa sita, inafuka moshi. Yeye ndiye aliyeichimba na kuichemsha, mara tatu kwa siku, miaka yote ile. Dereva akaniambia, "Rudia. Mwambie na yeye."

Nikarudia. Nilisema yote, hata la hospitali, hata la kumshikia kioo. Mama yule hakulia wala hakunitukana. Alilitazama lile bakuli muda mrefu. Akafungua mlango, akatoka, akaimwaga mizizi kwenye majivu, akabaki amesimama nje ametupa mgongo. Mlango ulikuwa wazi na jua likaingia mpaka kwenye blanketi, pale mguu unapokomea.

Nilipiga magoti. Nilianza kuomba msamaha, akainua vidole viwili, vilevile, nikanyamaza.

"Funga mlango ukitoka, Karani," akasema. "Joto linaingia."

Nikainuka. Niliufunga mlango ule vizuri, mpaka komeo likashika, nikabaki nje juani.